Kipimo cha ASO kinasema habari za koo, si za moyo

Jioni moja jirani yangu alinibishia hodi akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa akilalamika magoti yanamuuma, hasa usiku, baada ya kushinda uwanjani na mpira. Walikwenda kituo cha afya, mtoto akatolewa damu, na muda si mrefu majibu yakaitwa: ASO chanya. Wakaambiwa mtoto ana baridi yabisi, na baridi yabisi inakula moyo, kwa hiyo aanze sindano za penisilini kila mwezi. Mama yule alitaka nimjibu swali moja tu: "Kwa hiyo mwanangu ana ugonjwa wa moyo?"

Karatasi ile haikuwa na jibu lake, na haingeweza kuwa nalo. Tangu siku hiyo nimeonyeshwa karatasi nyingi za namna hiyo, za watoto na za watu wazima, na kosa ni lile lile kila mara: kipimo kinaulizwa jambo kisilolijua, kisha ukimya wake unachukuliwa kuwa ndiyo.

Lugha yetu nayo ina mkono wake katika hili. Tunasema "baridi yabisi" kwa maumivu ya magoti ya bibi wa miaka 70, kwa vidole vilivyopinda vya mama wa miaka 45, na kwa homa inayompata mtoto wiki chache baada ya koo kuuma. Ni magonjwa matatu tofauti yaliyovishwa kanzu moja. Ndiyo maana bibi naye hupimwa ASO, na akikutwa chanya huchomwa sindano ambazo hazihusiani kabisa na magoti yake. Humu nitasema "homa ya baridi yabisi" nikimaanisha ile ya mtoto na koo, ile inayoweza kuharibu valvu za moyo, milango ile inayofunguka na kufunga kwa kila pigo.

Tuanze na ASO yenyewe. Ni kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya streptolisini O, sumu inayotolewa na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, mmoja wa wale wanaoleta mafindofindo. Edgar Todd alizieleza mwaka 1932, na kwa zaidi ya miaka 90 zimebaki kuwa mlango wa kwanza wa uchunguzi. Katika maabara zetu nyingi hupimwa kwa njia ya lateksi: tone la seramu na tone la maji meupe yenye punje ndogo za lateksi huchanganywa juu ya kibao, hutikiswa dakika 2 hivi, na yakijikusanya chembechembe maana yake kiwango kimepita yuniti 200. Ni kipimo chepesi na cha bei nafuu. Lakini mtoto wa shule ya msingi anayelala chumba kimoja na ndugu zake, akabanana na wenzake kwenye dawati, hukutana na bakteria huyu mara kwa mara. Watoto wengi wazima kabisa wa umri huo hupita 200 bila kuumwa chochote. Chanya inasema bakteria alipita hapa, si siku nyingi zilizopita. Huenda alipita na kwenda zake.

Hasi nayo ina mitego yake. Kingamwili hizi hufika kilele kati ya wiki ya 3 na ya 6 baada ya maambukizi, kisha huanza kushuka. Kuna watoto ambao homa hii huwajia kwa sura ya korea, yaani mikono na uso kuchezacheza bila wao kutaka, hata mwalimu akadhani ni utundu. Hiyo hutokea miezi kadhaa baada ya koo kupona, na ASO inaweza kuwa imesharudi chini. Kuna na aliyeambukizwa kwenye ngozi, kwa vidonda na upele wenye usaha. Kwake ASO huenda isipande sana, kwa sababu mafuta ya ngozi huifunga ile sumu. Huyo anahitaji kipimo kingine kiitwacho anti-DNase B, ambacho kilele chake ni wiki ya 6 hadi ya 8. Hicho ni adimu katika vituo vyetu vya kawaida.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe, kwani hapo ndipo tutaona kwa nini damu ni shahidi mgumu. Daktari Mfaransa wa karne ya 19, Ernest-Charles Lasègue, anakumbukwa kwa kusema kwamba homa hii huramba maungo lakini huuma moyo. Hakuna aliyeielezea vizuri zaidi. Goti huvimba, likauma mtoto asiguswe, kesho kutwa likapoa na maumivu yakahamia kiwiko, kisha yote yakaisha bila kuacha kovu. Valvu ndiyo inayobaki na jeraha.

Yanayotokea ndani ni kosa la utambuzi. Ukuta wa bakteria una protini M na una sukari ambazo kwa umbo zinafanana na vitu vilivyomo moyoni, hasa miosini ya misuli ya moyo na laminini iliyo kwenye utando wa valvu. Askari wa mwili waliofunzwa kumpiga bakteria humwona ndugu wakamdhania adui. Madeleine Cunningham wa Oklahoma ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kufuatilia kingamwili hizi za kosa. Zikishaushika utando wa valvu, utando huo hutoa kitu kama gundi, molekuli iitwayo VCAM-1, na seli T, aina ya askari wa mwili, zilizokuwa zikipita kwenye damu hunasa hapo na kuzama ndani. Valvu ambayo kwa kawaida haina mishipa ya damu yake mwenyewe huota mishipa, huvimba, kisha hupona kwa makovu. Kila shambulio jipya la koo huongeza kovu juu ya kovu, mpaka mlango usifunge vizuri, au usifunguke, au yote mawili.

Hapo ndipo penye ugumu. Valvu ni kipande chembamba mno. Kwa mtu wa miaka 20 au chini yake, jani la mbele la valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, likifika unene wa milimita 3 linahesabiwa kuwa si la kawaida. Kipande kidogo kiasi hicho kikichubuka, mabaki yake yanayoingia kwenye damu ni kama chumvi ya vidole viwili katika pipa la maji. Msuli wa moyo ukifa, kwa mfano mtu akipata shambulio la moyo, troponini, protini ya msuli huo, humwagika kwenye damu na maabara huikamata. Watafiti waliipima troponini kwa watoto wenye homa ya baridi yabisi iliyofika moyoni, na kwa kawaida hawakuikuta imepanda kwa kiwango cha maana. Lilikuwa somo kubwa: moyo wa mtoto huyu unashindwa kazi kwa sababu milango inavuja, wala si kwa sababu msuli unakufa. Lakini somo hilo hilo linatuambia kwamba kipimo tunachokitegemea kwa moyo wa mtu mzima hakitatusaidia hapa.

Na CRP na ESR, vipimo viwili vya damu vya uvimbe? Hivyo hupima moto mwilini, bila kusema unawaka chumba gani. Katika nchi zetu moto huo una majina mengi. Mtoto mwenye homa na maumivu ya viungo hudhaniwa kwanza kuwa na malaria, na mara nyingi ni malaria kweli, nayo hupandisha CRP. Mwenye selimundu naye huumwa mifupa na maungo. Kigezo cha Jones, orodha ya dalili za kuutambua ugonjwa huu ambayo daktari T. Duckett Jones aliitoa Marekani mwaka 1944, kiliziweka dalili hizi za moto katika daraja la ushahidi mdogo, na hata toleo la mwaka 2015 limeziacha hapo hapo. Toleo hilo lilifanya mambo mawili ya busara. Lilikubali kwamba katika jamii zenye ugonjwa mwingi dalili nyepesi zaidi zinatosha kumshuku mtoto, na liliruhusu picha ya eko, yaani ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kuhesabiwa hata kama daktari hasikii sauti yoyote kwa stetoskopu. Lakini baada ya miaka zaidi ya 80, bado hakuna hata kipimo kimoja cha damu kinachosema peke yake: huyu ana homa ya baridi yabisi. Wala kinachosema: valvu yake imeguswa.

Kuna kimoja kinachosema kweli kuhusu moyo, nacho ni NT-proBNP. Vyumba vya moyo vikinyooshwa kupita kiasi hutoa homoni hii. Tatizo ni kwamba huanza kusema wakati nyumba imeshaungua. Binti wa shangazi yangu alikuwa na miaka 22 na mimba ya miezi sita alipoanza kukosa pumzi. Kila mtu nyumbani alisema ni mimba. Mjamzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na valvu iliyofumbana kwa makovu haiwezi kuipitisha yote, hivyo maji hurudi mapafuni. Alipofikishwa hospitali kubwa kiashiria hicho kilikuwa juu sana, lakini wakati huo hata mimi nisiye daktari ningeweza kuona kwa macho kwamba moyo unashindwa. Hakuna aliyekumbuka koo lililomuuma utotoni. Yeye alipona, na mtoto wake yupo. Katika utafiti mkubwa wa REMEDY, uliofuata wagonjwa 3,343 wenye valvu zilizoharibiwa na homa hii katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, theluthi mbili walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa wote hawakuwa wamezidi miaka 28. Ndani ya miaka 2 karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Watu wa umri wa kuzaa na kujenga.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema "viashiria vya kibiolojia vya valvu", yaani vitu vya kupimwa kwenye damu vinavyosema habari za valvu, namuuliza kwanza: vya kujibu swali lipi? Naona maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Je, mtoto huyu mwenye homa leo ana homa ya baridi yabisi au malaria? Je, valvu yake imeguswa? Na je, kovu hili dogo lililoonekana litakua au litatulia? La kwanza ni kubwa, na kila mtu anayefanya kazi wodi ya watoto angelipenda jibu lake. La pili limeshapata jibu zuri, ingawa si la damu. La tatu ndilo ninalotaka tulikazanie, kwani ndilo linaloamua nani abebe sindano kwa miaka.

Jibu la pili ni eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha valvu zikicheza. Mwaka 2007 Eloi Marijon na wenzake, akiwemo Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji, walichapisha matokeo ya watoto wa shule wa Kambodia na Msumbiji. Upande wa Msumbiji walipimwa watoto 2,170. Kwa stetoskopu walionekana wagonjwa 5. Kwa eko wakaonekana 66. Watoto 61 walikuwa wakiingia darasani na kutoka na jeraha ambalo hakuna aliyelisikia. Tangu hapo mashine zimekuwa ndogo, nyingine hushikwa mkononi kama simu, na shule nyingi za Afrika zimeshafikiwa na timu za eko.

Eko ilipofungua dirisha hilo ikaleta shida mpya. Ukimkuta mtoto hana dalili lakini ana mabadiliko madogo kwenye valvu, ufanye nini naye? Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda, na natamani kila msomaji wa Kiswahili alijue, kwani limepatikana kwa jirani zetu kwa jasho la watu wetu. Utafiti wa GOAL, ulioongozwa na Andrea Beaton pamoja na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, ulipima kwa eko watoto 102,200. Katika usomaji wa kwanza 3,327 walishukiwa. Wataalamu walipokaa na picha zile upya, waliothibitishwa walikuwa 926. Kati yao 916, wa miaka 5 hadi 17, waligawanywa kwa bahati nasibu, na 818 ndio walioingia katika hesabu ya mwisho: nusu walipata penisilini ya benzathini, ya kumzuia bakteria yule asirudi, kila wiki 4, nusu hawakupata. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu wa sindano, sawa na asilimia 0.8, na kwa 33 wasiochomwa, sawa na asilimia 8.2.

Ni ushindi wa sindano, bila ubishi. Lakini zisome takwimu hizo mara ya pili, polepole. Katika wale wasiochomwa, zaidi ya 9 katika kila 10 hali yao ilibaki ilivyokuwa au ikawa afadhali. Ili mtoto mmoja aokolewe na kusonga kwa ugonjwa ndani ya miaka 2, ilibidi wachomwe watoto 13. Piga hesabu: 13 mara sindano 26 ni sindano 338. Na ambaye hajawahi kuchomwa benzathini asidhani ni sindano ya kawaida. Dawa ni nzito kama uji, sindano ni nene, na nyonga huuma siku mbili tatu. Mtoto hukosa shule siku ya kliniki, mama hukosa biashara, nauli hutoka. Baadhi huacha katikati, na anayeacha anaweza kuwa ndiye yule mmoja aliyeihitaji.

Kiashiria ninachokitaka ni cha kumtambua huyo mmoja. Kimtoe katika kundi la 13, tumng'ang'anie asikose hata sindano moja, na wale 12 tuwafuatilie kwa eko bila kuwachoma. Nisieleweke vibaya: maadamu hakuna kiashiria hicho, mtoto aliyethibitishwa na wataalamu kwa eko achomwe, na wote 13 wachomwe. Kumwachia mmoja aharibikiwe ili tuwapunguzie wengine maumivu si biashara ninayoikubali. Ila tusijidanganye kwamba hapa ndipo safari inapoishia.

Wagombea wapo wengi, na baadhi yao wamenivutia. VCAM-1 ile ya gundi, na dada yake ICAM-1, huchopoka kwenye utando na kuelea katika damu, kwa hiyo hupimika. Kuna vipande vya kolajeni kama PICP na PIIINP, ambavyo mwili huvitupa unapotengeneza kovu. Kuna vimeng'enya vya kubomoa kolajeni vya kundi la MMP pamoja na vizuizi vyao, TIMP, ambavyo uwiano wao ungeweza kutuambia kama valvu inajengwa vibaya. Kuna interlukini 6, galektini 3 na TGF-beta, protini za uvimbe na makovu. Kila kimoja kimeshakutwa kikiwa tofauti kati ya wagonjwa na watu wenye afya, na kila mara mtu huandika kwa matumaini.

Mimi huwa nauliza swali dogo: huyo mgonjwa alilinganishwa na nani? Mwenye valvu iliyokwisha haribika akilinganishwa na mtu mwenye afya, hata mapigo ya mshipa yangewatofautisha. Kinachotakiwa ni kuwatofautisha watoto wawili wenye picha ya eko inayofanana, mmoja atakayeharibikiwa na mmoja atakayetulia. Na hapo kolajeni inanipa wasiwasi zaidi. PICP hutoka kwa wingi kwenye mifupa inayokua. Mtoto wa miaka 12 anayerefuka kila mwezi ana PICP nyingi kwa sababu anarefuka tu. Sauti ya kovu la milimita chache katikati ya kelele za mifupa mizima ya mtoto! Labda mbinu ipo ya kuzitenganisha, lakini anayekuja na kiashiria cha kolajeni kwa watoto aanze kwa kutuonyesha hilo kwanza.

Historia nayo imetupa onyo. Katika miaka ya 1980 John Zabriskie na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua alama juu ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, iliyoitwa D8/17. Karibu wagonjwa wote waliowapima walikuwa na seli nyingi zenye alama hiyo, na watu wenye afya walikuwa nazo chache. Ilionekana kana kwamba ufunguo umepatikana. Ilipopelekwa kwa jamii nyingine, India ikiwemo, haikutenganisha watu kwa ukali ule ule, na hadi leo haipo katika kliniki yoyote ninayoijua. Vinasaba vimesema hivyo hivyo. Mwaka 2017 utafiti wa visiwa vya Pasifiki ulikuta hatari imeambatana na kinasaba cha kutengeneza kingamwili kiitwacho IGHV4-61. Mwaka huo huo kwa wenyeji wa asili wa Australia ilionekana ishara ya HLA, eneo la vinasaba vya kinga ya mwili. Mwaka 2021 mtandao wa RHDGen, uliokusanya wagonjwa wa nchi 8 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ukakuta ishara yake kwenye kromosomu ya 11. Watu tofauti, mahali tofauti kwenye kromosomu. Kiashiria kilichozaliwa mbali hakina cheti cha kufanya kazi Kigoma au Gulu mpaka kipimwe Kigoma na Gulu, kwa watoto wenye malaria yao, minyoo yao na lishe yao.

Kazi iliyonipa moyo zaidi imetoka Afrika Kusini, katika njia aliyoifungua marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyeiongoza pia REMEDY na aliyetutoka Julai 2018. Badala ya kumshuku protini mmoja mmoja, watafiti walipima protini nyingi kwa pamoja katika plazma, yaani maji ya damu, ya wagonjwa wenye valvu zilizoharibika sana. Walichokuta ni mpangilio wa protini unaoonyesha kwamba uvimbe bado unaendelea. Nilikisoma mara mbili. Wengi wetu tulifundishwa kwamba valvu ya mtu mzima ni kovu baridi, moto ulizimika zamani, na kilichobaki ni kazi ya mpasuaji. Ikiwa moto bado unafukuta chini ya majivu miaka mingi baadaye, basi huenda kuna dawa ya kuuzima, na penisilini haitakuwa silaha yetu pekee.

Hili linagusa majeraha ya zamani ya taaluma hii. Kwa miongo mingi watoto wenye homa kali ya baridi yabisi wamepewa aspirini, steroidi, hata imunoglobulini ya mshipani, na majaribio yote yakijumlishwa hayajathibitisha kwamba dawa hizo huzuia valvu kuharibika. Pengine kweli hazisaidii. Lakini ili kujua, ilibidi kusubiri mwaka mzima au zaidi na kusikiliza kama mnong'ono wa valvu inayovuja umebaki moyoni, kwa vikundi vidogo vya watoto. Bila kiashiria cha kukuambia ndani ya wiki chache kama moto wa valvu unashuka, kila dawa mpya italazimika kupita njia ile ile ndefu. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walionyesha kwamba seli za damu za wagonjwa zikikutana na streptokokasi hutoa kwa wingi kemikali mbili, interlukini 1-beta na GM-CSF, na kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya siku nyingi ya lupasi, iliweza kuzituliza maabara. Kujua kama itamsaidia mtoto, unahitaji kitu cha kupima.

Turudi kwa jirani yangu. Nilimwomba asianze sindano kabla ya eko, na ikamchukua wiki tano na nauli mbili kuipata. Valvu zilikuwa safi. Magoti yalikuwa ya ukuaji na mpira. Wiki hizo tano alikuwa akimlaza mtoto kitanda kimoja naye na kuamka usiku kusikiliza kama anapumua. Ndiyo sababu siwezi kuichukulia ASO chanya kama kosa dogo la maabara. Jibu lile lingepaswa kutolewa likiwa na kiwango kamili, si chanya na hasi tu. Lingepaswa kuambatana na swali kuhusu koo, homa, moyo na maungo yaliyovimba kweli. Na ningefurahi kuona kituo kikiacha kabisa kuipima kwa mtu wa miaka 50 mwenye maumivu ya goti. Tukishindwa kukitumia kwa heshima kipimo cha mwaka 1932, sijui tutakifanyia nini cha mwaka 2032. Najua pia kitakuja kifaa cha haraka chenye maandishi "valvu" kwenye boksi, na kitauzwa kabla hakijathibitishwa kwa mtoto hata mmoja wa kwetu. Wanaosajili vifaa vya maabara wawe tayari na swali lile la nani alilinganishwa na nani.

Kinachonikera ni kwamba sehemu ngumu zaidi ya kazi hii tunaifanya tayari. Timu za eko zinakwenda shuleni, watoto wanapanga foleni, wazazi wametia saini, picha zinahifadhiwa. Kisha mtoto mwenye kovu dogo anaandikishwa sindano na kupewa tarehe ya kurudi. Mara nyingi hakuna aliyemtoa mililita 5 za damu siku ile, kabla penisilini haijaingia na kabla hatujajua kama atatulia au ataharibikiwa. Miaka 2 baadaye eko inarudiwa na jibu linajulikana, lakini damu ya kulinganisha nalo haipo tena duniani. Lau ingekuwepo, tungeweza kupima humo VCAM-1, protini za Cape Town na nyingine zisizo na jina bado.

Vituo vyetu vimekuwa vikituma tone la damu kavu kwenye karatasi kwa ajili ya kuwapima watoto wachanga VVU, kwa hiyo kusafirisha sampuli kutoka kijijini si jambo geni. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri zinanguruma usiku na mchana katika maabara za utafiti za Bagamoyo, Kilifi na Entebbe, zimejaa damu ya tafiti za malaria na UKIMWI. Kwa watoto wa eko naomba rafu moja.